Jinsi ya kutambua na kuainisha spishi mpya ya bakteria wa udongo: kuanzia sampuli hadi jina

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. "Koloni yangu ni ya waridi na sijawahi kuiona, je, ni spishi mpya?" "16S imetoa asilimia 97.8, nifanye nini sasa?" "Nimeshapata jina zuri, naliandikisha wapi?" Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. (Koloni ni kundi la bakteria linaloonekana kwa macho kwenye sahani; 16S ni jeni inayosomwa ili kulinganisha bakteria na jamaa zake.)

Jambo la kushika tangu mwanzo: bakteria wako anakuwa spishi mpya pale unapomweka pembeni ya jamaa zake wa karibu wenye majina, ukawapima wote kwa kipimo kimoja, na tofauti ikajitokeza. Rangi ya koloni peke yake haithibitishi kitu. Kazi nyingi zinazokataliwa huanguka kwa sababu mbili: koloni haikuwa safi, au ulinganisho haukuwa wa haki. Kwa hiyo hatua za usafishaji na ulinganisho zimepewa nafasi kubwa hapa kuliko nyingine.

Kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi, au unajua utavipata kwa nani:

- Kibali cha kuchukua sampuli. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inahusu rasilimali za kijenetiki, na bakteria wa udongo wamo. Ulizia sheria ya nchi unakochimba kabla ya kuchimba. Kibali kinachoombwa baada ya kazi kuisha mara nyingi hakipatikani, na benki za bakteria (taasisi zinazohifadhi bakteria hai) zitakuuliza karatasi hizo.
- Otoklevu, inkubeta, kabati la usalama wa kibayolojia au angalau moto wa kufanyia kazi safi, hadubini yenye lenzi ya mafuta ya ×100, na mizani.
- Sahani za petri, mirija, pipeti na ncha tasa, vitanzi vya kupandia, vijiti vya kusambazia.
- Mashine ya PCR (ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi), vifaa vya jeli ya agarosi, na maabara itakayokusomea mfuatano wa DNA.
- Friza ya nyuzi −80 za Selsiasi, au mtu mwenye friza hiyo atakayekuwekea mirija yako.
- Kompyuta yenye intaneti. Huduma nyingi za uchambuzi utakazohitaji hutumika mtandaoni bila malipo.
- Daftari. Kila straini (ukoo mmoja wa bakteria uliouotesha kutoka koloni moja) ipewe namba yake siku ya kwanza, na namba hiyo isibadilike hadi mwisho.

Onyo la usalama. Udongo unaweza kubeba *Clostridium tetani*, *Bacillus anthracis*, na katika maeneo ya joto *Burkholderia pseudomallei*. Usinuse sahani iliyo wazi, hata kama umesikia kwamba *Streptomyces* hutambulika kwa harufu ya mvua. Ni kweli hutoa harufu hiyo, lakini pua si kifaa cha maabara. Sahani zote zilizotumika zipite kwenye otoklevu kabla ya kutupwa.

Hatua kwa hatua

1. Chukua sampuli na uandike kila kitu hapo hapo.
Ondoa majani na takataka za juu, chimba sentimita 5 hadi 15, chukua udongo kutoka sehemu tano ndani ya eneo dogo, uchanganye kwenye mfuko tasa. Gramu 100 zinatosha. Andika latitudo na longitudo, kina, tarehe, pH ya udongo, joto, na kinachoota hapo. Maelezo haya yataingia kwenye tangazo la spishi, na huwezi kuyabuni baadaye. Weka sampuli kwenye nyuzi 4 na uipande mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili. Usigandishe udongo unaotaka kuotesha, maana bakteria wengi hufa wakati wa kuganda na kuyeyuka.

2. Tengeneza midia (mchanganyiko wa kuoteshea bakteria) yenye chakula kidogo.
Kosa la kwanza la wengi ni kupanda udongo kwenye midia nono. Bakteria wanaokua haraka wanakula na kutapakaa, na wale wapole, ambao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwa wapya, hawapati nafasi. Anza na R2A. Kwa lita moja ya maji yaliyochujwa ioni:

- dondoo ya hamira gramu 0.5
- proteosi peptoni gramu 0.5
- asidi za kasamino gramu 0.5
- glukosi gramu 0.5
- wanga unaoyeyuka gramu 0.5
- sodiamu piruvati gramu 0.3
- K₂HPO₄ gramu 0.3
- MgSO₄·7H₂O gramu 0.05
- agari gramu 15
- pH 7.2

Pitisha kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15. Hapa kuna jambo dogo lenye faida kubwa: pika fosfati kwenye chupa yake na agari kwenye chupa yake, kisha uchanganye zikishapoa kidogo. Fosfati na agari zikipikwa pamoja hutoa haidrojeni peroksaidi, na bakteria wasioihimili hawaoti kabisa. Kuchanganya huku hakugharimu chochote zaidi ya chupa ya pili, na mara nyingi idadi ya koloni hupanda.

Midia ikifika karibu nyuzi 50, ongeza sikloheksimidi miligramu 50 hadi 100 kwa lita ili kuzuia kuvu. Ni sumu kwa binadamu pia, kwa hiyo vaa glavu na usipime unga wake penye upepo. Mimina takriban mililita 20 kwa sahani ya milimita 90, acha zikauke usiku mzima. Sahani yenye maji juu huunganisha koloni zote kuwa uji.

3. Zimua na upande.
Weka gramu 10 za udongo kwenye mililita 90 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, tikisa kwa mizunguko 150 kwa dakika kwa nusu saa. Huo ni mzimuo wa 10⁻¹. Chukua mililita 1, weka kwenye mililita 9 za maji hayo hayo ya chumvi, changanya vizuri, na uendelee hadi 10⁻⁶. Badilisha ncha ya pipeti kila hatua. Ncha moja ikitumika kote hubeba bakteria waliong'ang'ania ukutani, na hesabu yako inakuwa ya uongo.

Sambaza mililita 0.1 kutoka 10⁻³ hadi 10⁻⁶, sahani tatu kwa kila mzimuo. Hesabu sahani zenye koloni 30 hadi 300 tu. Mfano: koloni 84 kwenye sahani ya 10⁻⁴ ni 84 ÷ 0.1 × 10⁴, yaani milioni 8.4 kwa gramu ya udongo mbichi. Ukitaka kwa udongo mkavu, kausha sehemu ya sampuli kwa nyuzi 105 kwa saa 24 upate uzito wake.

4. Subiri kuliko unavyotaka kusubiri.
Weka sahani nyuzi 25 hadi 28, zikiwa zimepinduliwa na kuzungushiwa utepe ili zisikauke. Siku ya pili utaona koloni kubwa. Zitie alama kwa kalamu chini ya sahani, uzihesabu, kisha uziache. Angalia tena siku ya 7, ya 14, ya 21, na ya 28 kama sahani bado ina unyevu. Elekeza taa pembeni ya sahani badala ya juu: utaona vidoto vidogo kama ncha ya sindano, vinavyong'aa, ambavyo wiki moja iliyopita havikuwepo. Hivyo ndivyo vya kuchukua. Bakteria wa kundi la Acidobacteriota, kwa mfano, ni wengi sana udongoni lakini hukua taratibu, na anayetupa sahani siku ya tatu hatawaona maishani.

Chagua koloni kwa tofauti za umbo, kingo, rangi na siku iliyotokea, na chukua nyingi: spishi mpya ni moja katika rundo la zile zinazojulikana.

5. Safisha, kisha usafishe tena.
Chukua koloni moja kwa kitanzi, chora mistari kwenye sahani mpya katika sehemu nne, ukichoma kitanzi (au ukichukua kipya) kati ya sehemu na sehemu. Kutoka sehemu ya nne chukua koloni moja iliyosimama peke yake, urudie. Mara tatu ndiyo kiwango cha chini. Kwa koloni zenye ute mwingi fanya tano, kwa sababu ute hubeba wageni ndani yake.

Mara ya mwisho chora sahani mbili: moja ya R2A, nyingine ya midia nono zaidi. Wakati mwingine mgeni anayejificha kwenye R2A hujitokeza akipata chakula. Kagua pia kwa hadubini. Ukiona vijiti virefu na viduara vidogo pamoja, usikimbilie kusema ni mchanganyiko, wala usikimbilie kusema ni safi: *Arthrobacter* hubadilika kutoka kijiti kuwa kiduara kadiri anavyozeeka. Angalia ile ile ikiwa na saa 12, 24 na 72. Zikiwa aina mbili kila saa, una mchanganyiko.

6. Hifadhi leo, si wiki ijayo.
Koloni ikishakuwa safi, changanya bakteria wabichi na gliseroli hadi ifike asilimia 20, gawa kwenye mirija mitano midogo, weka nyuzi −80. Andika kwa wino usiofutika namba ya straini, midia na tarehe. Baada ya siku chache yeyusha mmoja na uupande kuhakikisha wanaota. Straini inayopandwa upya kila wiki kwa miezi hubadilika au hufa.

7. Vipimo vya haraka vya mezani.
Hivi havitambui spishi, vinakupa mwelekeo tu.

*Rangi ya Gram (hugawa bakteria kuwa chanya au hasi kwa aina ya ukuta wao):* tumia bakteria wa saa 18 hadi 24, au wabichi kadiri wanavyoruhusu kama ni wa taratibu. Kristali vayoleti dakika 1, ayodini dakika 1, alkoholi sekunde chache hadi rangi iache kutiririka, safranini kama dakika 1. Wenye Gram chanya wakizeeka hupoteza rangi na kuonekana hasi. Thibitisha kwa potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3: koroga koloni kwenye tone lake juu ya kioo, kisha inua kitanzi polepole. Kikivuta uzi wa ute kama wa bamia, ni Gram hasi, kwa kuwa ukuta umepasuka na DNA imetoka. Kikibaki maji maji, kwa kawaida ni chanya.

*Katalasi:* tone la haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, tazama povu. *Oksidasi:* tumia kijiti cha plastiki au cha mbao. Kitanzi cha nikromu au chuma hutoa rangi ya uongo.

*Spora:* ukishuku *Bacillus* au jamaa zake, chemsha kimiminika nyuzi 80 kwa dakika 10 na upande.

8. Soma jeni ya 16S rRNA.
Jeni hii ina takriban herufi 1,500, na bakteria wote wanayo. Weka koloni kidogo, kiasi cha kichwa cha pini, kwenye mikrolita 50 za maji tasa, pasha nyuzi 95 kwa dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji, na utumie maji ya juu. Kwa mikrolita 25:

- mchanganyiko tayari wa PCR wa nguvu mara mbili: 12.5
- prima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili) 27F (AGAGTTTGATCMTGGCTCAG), mikromola 10: 1
- prima 1492R (TACGGYTACCTTGTTACGACTT), mikromola 10: 1
- DNA: 1
- maji: 9.5

Nyuzi 95 kwa dakika 5. Mizunguko 30 ya nyuzi 95 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 30, nyuzi 72 sekunde 90. Kisha nyuzi 72 dakika 7. Daima weka mrija mmoja wenye maji badala ya DNA. Kwenye jeli ya asilimia 1 tarajia mstari mmoja karibu na 1,500.

Peleka usomwe kutoka pande zote mbili. Usomaji mmoja hutoa herufi safi 700 hadi 900 hivi, hautoshi. Fungua grafu ya vilele mwenyewe, usipokee faili ya herufi tu. Mwanzo na mwisho vilele huvurugika, vikate. Katikati kila kilele kinapaswa kusimama peke yake. Unganisha pande mbili upate angalau herufi 1,400. Kipande cha herufi 500 hakitoshi kudai spishi mpya.

9. Linganisha, na usome asilimia kwa akili.
Tumia hifadhidata ya mtandaoni ya EzBioCloud, au BLAST, zana ya kutafuta mifuatano inayofanana, ukiwa umechuja ili ikuonyeshe straini kielelezo tu, yaani zile zinazobeba rasmi jina la kila spishi. Bila kuchuja, orodha itajaa mifuatano isiyo na jina na mingine yenye majina yaliyobandikwa kimakosa.

Kuhusu ile asilimia 97: ni kizingiti cha mwaka 1994, na bado kinarudiwa kwenye vitini vingi. Mwaka 2006 kilipendekezwa kupandishwa hadi 98.7 na zaidi, na ulinganisho wa jenomu (DNA yote ya kiumbe) nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulitoa 98.65. Kwa hiyo:

- Chini ya 98.7 dhidi ya jamaa wa karibu kabisa: dalili nzuri ya spishi mpya. Endelea.
- 98.7 na kuendelea: bado hujakataliwa. Spishi za kundi la *Bacillus cereus* zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99 kwenye 16S, na kwa *Streptomyces* hali ni hiyo hiyo mara nyingi. Jenomu ndiyo itakayoamua.
- Chini ya 94.5: fikiria jenasi mpya, lakini kwa tahadhari na kwa mti wa ukoo mkononi.

Kisha fungua LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria, uangalie kama jina la jamaa huyo ni halali na kama kuna spishi iliyotangazwa miezi ya karibuni. Si jambo geni mtu kumaliza kazi yote na kukuta wenzake wametangulia.

10. Agiza straini kielelezo za jamaa.
Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoangusha. Data za fenotipu (sifa na tabia za bakteria zinazopimwa) zilizonakiliwa kutoka makala ya mwingine haziwezi kulinganishwa na zako: midia tofauti, joto tofauti, umri tofauti. Agiza kutoka benki ya bakteria straini kielelezo za spishi mbili au tatu za karibu, pamoja na ya spishi kielelezo ya jenasi, uziweke kwenye meza moja na yako.

11. Soma jenomu nzima.
Toa DNA kutoka straini iliyosafishwa, uwiano wa 260/280 uwe 1.8 hadi 2.0. Omba kina cha usomaji kisichopungua mara 50. Ukipata jenomu, fanya mambo haya kwa mpangilio huu:

Kwanza pima usafi kwa programu ya CheckM. Ukamilifu uwe juu ya asilimia 95, uchafu chini ya 5. Pili, toa 16S kutoka ndani ya jenomu uilinganishe na ile uliyosoma hatua ya 8. Zisipolingana, mirija ilibadilishana au bakteria amechafuliwa, na kila hesabu inayofuata ni bure. Tatu, hesabu ANI (wastani wa asilimia ya kufanana kwa DNA za jenomu mbili) dhidi ya jenomu za straini kielelezo: chini ya 95 hadi 96 ni spishi tofauti. Nne, hesabu dDDH (kadirio la kompyuta la jinsi DNA za bakteria wawili zingeungana) kupitia huduma za mtandaoni za TYGS au GGDC: chini ya asilimia 70 ni spishi tofauti. Kwenye GGDC tumia fomula ya 2 kama jenomu yako bado ni vipande, maana haitegemei urefu wa jenomu.

Linganisha na jamaa wote wa karibu. Yule wa kwanza kwenye 16S si lazima awe wa kwanza kwenye jenomu. Asilimia ya G+C ihesabiwe kutoka jenomu hiyo hiyo. Ndani ya spishi moja tofauti haizidi asilimia 1.

12. Chora mti wa ukoo.
Panga mifuatano, kata ncha zisizolingana, jenga mti kwa programu ya MEGA au IQ-TREE kwa njia mbili tofauti, na majaribio ya uthabiti (bootstrap) 1,000. Weka mgeni wa nje ya jenasi ili mti upate mzizi. Kando ya 16S chora mti wa jeni za msingi kutoka jenomu. TYGS au GTDB-Tk zitasaidia. Straini yako ikihama tawi kati ya mti na mti, amini ule wa jenomu, na useme hivyo wazi kwenye maandishi.

13. Pima tabia na kemia.
Straini yako na jamaa zake, siku moja, midia moja:

- Joto: 4, 10, 15, 20, 25, 30, 37, 40 na 45.
- pH 4 hadi 10, kwa bafa. Pima pH tena baada ya otoklevu, kwa sababu huhama.
- Chumvi 0 hadi 10 kwa asilimia.
- Oksijeni, mwendo, vimeng'enya na vyakula: tumia vifaa tayari vyenye visima vya vipimo, API 20NE, API ZYM au Biolog GEN III. Rudia mara mbili. Kisima cha "labda" kiandikwe dhaifu, kisigeuzwe chanya.
- Asidi za mafuta, kwinoni na lipidi za ncha. Kwa Gram chanya ongeza asidi ya amino ya ukuta.

Asidi za mafuta zinadanganya kirahisi kuliko vyote. Joto likibadilika kwa nyuzi chache, au bakteria mmoja akivunwa mapema kuliko mwenzake, wasifu unabadilika, na utadhani umepata tofauti ya spishi. Vuna wote wakiwa katika hatua moja ya ukuaji, si saa moja ya ukutani.

14. Weka straini kwenye benki mbili za nchi mbili.
Kanuni ya kimataifa ya majina ya prokariyota inadai straini kielelezo iwe hai, kwenye benki zisizopungua mbili katika nchi mbili tofauti, na ipatikane kwa watafiti wengine bila kizuizi. DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani, KCTC ya Korea Kusini na LMG ya Ubelgiji ni miongoni mwa zinazotumika sana. Tuma mapema: benki huotesha, hukagua usafi na kusoma 16S kabla ya kutoa cheti, na bila cheti jarida halipokei. Benki ikishakukubalia, linganisha straini iliyo nayo na ile uliyonayo wewe.

15. Mpe jina na uchapishe.
Jina la spishi hufuata jinsia ya jenasi: *africanus* kwa *Bacillus*, *africana* kwa *Pseudomonas*, *africanum* kwa *Flavobacterium*. Majina ya umilikishi kama *soli* na *terrae* hayabadiliki. Usimpe bakteria jina lako mwenyewe. Tafuta kwanza LPSN kama jina limeshatumika ndani ya jenasi hiyo.

Jina huwa halali likichapishwa kwenye jarida la IJSEM, au likichapishwa kwingine kisha likaingizwa kwenye orodha ya uhalalishaji ya jarida hilo. Tangazo liwe na asili ya jina, maelezo ya spishi, straini kielelezo yenye alama ya T juu, namba za benki zote, na namba za 16S na jenomu kwenye hifadhidata ya umma. Kama bakteria wako amekataa kuoteshwa na una jenomu tu, kuna njia ya SeqCode iliyoanza mwaka 2022, ambapo jenomu yenyewe ndiyo kielelezo.

Mambo yakienda mrama

*Sahani imefunikwa na kuvu.* Huenda sikloheksimidi ni ya zamani. Tengeneza upya, na uzimue zaidi.

*Koloni moja imetambaa sahani nzima.* Mara nyingi ni *Bacillus* au jamaa yake. Kausha sahani zaidi na upande mizimuo ya juu.

*Koloni ndogo haioti ikihamishwa.* Pengine ilikuwa inamtegemea jirani. Hamisha kwenye midia ile ile, si nyingine, na usubiri muda ule ule iliochukua mwanzo. Ikishindikana, jaribu gamu ya gelani badala ya agari.

*PCR haitoi mstari.* Koloni nyingi mno huzuia kama zilivyo chache mno. Punguza kwanza, zimua DNA mara kumi. Ikiwa ni Gram chanya, ukuta haukufunguka: tumia lisozimu au kiti ya kutolea DNA.

*Mrija wa maji nao umetoa mstari.* Kuna uchafu kwenye maji, prima au mchanganyiko. Tupa vyote vilivyofunguliwa. Usipeleke matokeo ya siku hiyo kusomwa, hata kama sampuli zako zinaonekana nzuri.

*Vilele viwili viwili kwenye grafu.* Vikianza mwanzoni na kuenea kote, ni mchanganyiko. Rudi hatua ya 5. Vikiwa nafasi chache tu, huenda bakteria ana nakala kadhaa za 16S zinazotofautiana kidogo, jenomu itaonyesha. Vikianza ghafla katikati na kuendelea hadi mwisho, nakala moja ina herufi iliyoongezeka au kupungua.

*ANI inasema 95.4 na dDDH inasema 64.* Uko kwenye eneo la mpaka. ANI ya 96 ndiyo iliyo karibu na dDDH ya 70, kwa hiyo vipimo hivi viwili havipingani. Angalia mti wa jenomu na fenotipu, tafuta straini nyingine ya aina hiyo kutoka sampuli ile ile, na uamue kwa ushahidi wote.

*Jenomu ni kubwa kuliko za jamaa na CheckM inaonyesha uchafu wa asilimia 12.* Usichuje kwa programu ukadhani umeponya. Rudi kwenye friza, safisha straini, soma upya.

*Benki imeandika kuwa straini imekufa au ni mchanganyiko.* Tuma tena kutoka mrija wa kwanza kabisa wa hatua ya 6, pamoja na midia, joto na siku za kusubiri zikiwa zimeandikwa wazi. Bakteria wa siku kumi akipewa siku mbili ataonekana amekufa popote pale.